Jina la Kwanza

4 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukugombeza kwenye zile ngazi zenu. Mimi sijambo, ukiacha mgongo, na mgongo huu wa kuinamia wazazi tangu ujana nimeshauzoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi.

Juzi nilifika kazini nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa wodi yetu ya wazazi. Halmashauri inaifunga mwisho wa Julai. Vile vyumba viwili vitakuwa ofisi ya madiwani, kwa sababu, imeandikwa, waheshimiwa hawana mahali pa kukutania. Wajawazito waende hospitali kuu, ambayo ni saa moja na nusu kwa gari, na hiyo ni kwa mwenye gari. Muuza mkaa wa jirani aliisoma karatasi mpaka mwisho, akasema basi waheshimiwa waachiwe na vitanda, huenda siku moja wakajifungua wazo.

Tumecheka, lakini tumekutana. Wanawake kumi na tisa sebuleni kwangu, waliokosa viti wakakaa juu ya sanduku lako la vitabu. Tumekubaliana tupeleke ombi kwa halmashauri, na nakala kwa mbunge. Kusema tunajua wote. Kuandika hakuna. Mmoja akauliza, si una kaka aliyekuwa mwalimu?

Najua, Kaka. Tangu uondoke, miaka thelathini na nne, sijakuomba hata sentensi moja ya namna hii. Leo naomba.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lipo, ngazi zipo, na mimi nipo katikati yao. Nashukuru kwa kuniuliza. Huku mtu akikuuliza hali yako huwa ameshapita kabla hujajibu.

Nilikaa na barua yako siku sita bila kuijibu. Chumba changu kiko juu ya duka kubwa la dobi, mvuke wao hupanda na kufunika dirisha, kwa hiyo asubuhi naandika kana kwamba niko ndani ya birika. Siku ya saba nikaandika ombi lenu. Limo humu, ukurasa mmoja. Msiliongeze. Nimeacha nafasi tatu wazi, uzijaze wewe mwenye daftari la wodi: wamezaliwa wangapi mwaka jana, wangapi walifika wakiwa hawawezi tena kusafirishwa, na gari la wagonjwa lilikuja mara ngapi lilipoitwa. Msimsifu mtu, msimtukane mtu. Andikeni “tunaomba” mara moja tu, mahali nilipoiandika.

Na majina yaandikeni kwa duara. Chora duara katikati ya karatasi, kila mtu asaini kuuzunguka mstari, ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Unajua kwa nini nasema hivi. Tulipoomba uwanja wa shule urudishwe, watu wa serikali waliokuja na gari hawakulisoma ombi. Walisoma jina la juu kabisa, wakauliza mwalimu huyu anakaa wapi. Nilitoka kwa mlango wa nyuma viatu mkononi.

Nilisaini chini ya fundi viatu na juu ya mama wa duka. Nilikuwa wa kumi na mbili, nakumbuka kama nakumbuka tarehe yangu ya kuzaliwa. Lakini karatasi ilibaki kwa Fundi cherehani, mwenyekiti wetu, na ilipofika serikalini mimi nilikuwa wa kwanza. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Niambie, ile benchi mbele ya ofisi ya halmashauri bado ina mguu mmoja mfupi?

Kaka yako

21 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Benchi ipo, mguu umewekewa jiwe, na sasa unaochezacheza ni ule mwingine.

Ombi lako nililisoma kwa sauti sebuleni. Nilipofika pale pa “mama hawezi kumwomba mtoto asubiri gari,” muuza mkaa alitoka nje akajifanya anapenga kamasi. Duara tulilichora kwa kufuatisha mfuniko wa sufuria. Lilijaa, tukachora jingine kwa mfuniko mkubwa zaidi, nalo likajaa. Majina mia mbili na kumi na nne, Kaka, karatasi inaonekana kama kitunguu kilichokatwa.

Nikaipeleka mimi mwenyewe. Karani aliigeuzageuza mpaka akapinda shingo, akaniuliza aanze kusoma wapi. Nikamwambia popote. Akasema popote haipo kwenye fomu. Fomu ina mistari yenye namba, na mstari wa kwanza ni wa mwombaji mkuu: mkazi wa hapa, mwenye kitambulisho, ambaye ataitwa kujieleza mbele ya kamati tarehe tisa Julai. Bila huyo ombi halipokelewi.

Niliporudi na habari hiyo sebule nzima ilianza kuchunguza sakafu yangu. Mmoja mume wake ni dereva wa halmashauri. Mwingine kibanda chake kiko kwenye kiwanja chao. Mimi mwenyewe ni mwajiriwa wao, nilikuwa nachunguza sakafu kama wenzangu.

Kisha Fundi akaongea. Siku hizi haoni vizuri, anatembea na fimbo, cherehani anaipapasa kwa vidole. Akasema, “Niandikeni mimi.”

Sikuandika. Nimesema tungoje kidogo. Nakuuliza wewe, tufanyeje?

Mdogo wako

12 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa shughuli. Nimekuwa na kifua wiki mbili, sasa kimetulia.

Unaniuliza tufanyeje. Mwandikeni. Amechelewa miaka thelathini na nne, lakini amefika.

Nisamehe, hii si sauti ninayopenda kukuandikia. Wewe unamwona mzee mwenye fimbo. Mimi namwona mtu niliyekula naye, niliyemsomea magazeti huku akishona, ambaye siku ya hatari alishusha jina lake na kupandisha langu. Aliniandikia barua nne. Sikuzijibu. Ya tano haikuja.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini sirudi, na serikali ile ilikwisha kuondoka zamani. Nimekujibu nauli, nimekujibu karatasi za kusafiria, nimekujibu homa ya mapafu. Karatasi ninazo, ziko kwenye droo kwa miaka minane sasa. Ukweli ni kwamba hakuna njia ya kufika nyumbani kwetu bila kupita mlangoni kwa Fundi. Nimeifikiria mitaa yote, hata uchochoro wa nyuma ya kinyozi. Yote inatokea pale. Ningelazimika kumwamkia au kumpita, na sijui ni lipi lingenishinda zaidi.

Basi nakaa hapa. Najua idadi ya madirisha ya jengo la mbele, arobaini na mawili. Najua mama wa dobi anapokohoa ni saa ngapi. Nyumbani nimeanza kusahau vitu: ufunguo wa stoo ulikuwa unaning’inia kushoto au kulia? Ukipata nafasi niambie.

Kaka yako

8 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kimya karibu miezi miwili na hujazoea hivyo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naandika barua hii na kuichana.

Ufunguo ulikuwa kulia.

Kaka, niliyenakili ombi la uwanja wa shule ni mimi. Karatasi ya kwanza ilikuwa imeingia mafuta ya cherehani, majina mengine hayasomeki. Fundi akaniletea, kwa kuwa nilikuwa na miaka ishirini na moja na mwandiko mzuri, akaniambia niandike upya, majina yale yale. Nikaanza. Fundi mwenyewe, muuza maziwa, yule kijana wa bohari. Nikaona nakuandika wewe, kaka yangu, mwalimu, chini ya watu kumi na mmoja. Nikaona ni utovu wa adabu. Nikachukua karatasi nyingine nikaanza na wewe, kama ninavyoanza na sahani yako ninapopakua chakula. Hata sikufikiri. Nilijiona nimekuheshimu.

Ulipokimbia ndipo nikaelewa. Nilikwenda kwa Fundi kumwambia nitakuandikia ukweli. Akaniuliza kama nina kaka mwingine. Nikasema sina. Akasema, “Basi nyamaza. Rafiki atapata mwingine huko aliko. Dada hatapata.”

Nikanyamaza. Yeye amenyamaza. Barua zake nne mimi ndiye niliyemwekea kwenye bahasha, na hakuna hata moja alimonitaja. Kila Jumapili nilipita mlangoni kwake akaniuliza, kaka yako hajambo? Nikamjibu hajambo, anakusalimia. Hilo nalo lilikuwa uongo.

Sitakuomba unisamehe kwenye karatasi. Nimekwenda kwa karani leo. Nimemwambia Fundi abaki na cherehani yake. Mstari wa kwanza nimejiandika mimi.

Mdogo wako, kama bado unapenda niitwe hivyo

16 Julai

Kaka,

Shikamoo. Barua yako haijafika. Naandika hii bila kungoja, kwa sababu yapo mambo ya kukuambia na huenda baadaye nisipate nafasi.

Kamati ilikaa. Watu sita nyuma ya meza ndefu, mimi kwenye kiti kifupi, nadhani wanakifupisha makusudi. Nilisoma ukurasa wako. Mwenyekiti akauliza kama mimi kama mtumishi sioni aibu kumshitaki mwajiri wangu. Nikamwambia sijamshitaki mtu, nimeomba mara moja tu, ahesabu. Diwani mmoja alikuwa anapitia daftari la wodi, nadhani kwa kukosa la kufanya, akasimama kwenye ukurasa mmoja. Jina la binti yake. Alijifungulia kwangu mwaka juzi, mvua ikiwa imekata barabara. Hakusema kitu, aliwasogezea wenzake daftari. Wodi inabaki, Kaka. Wameitoa karatasi mlangoni wenyewe.

Siku mbili baadaye nikapata barua ya uhamisho. Kituo kipya ni safari ya siku nzima na kidogo, zahanati ya chumba kimoja. Natakiwa kuripoti tarehe ishirini. Imeandikwa ni kwa mahitaji ya kazi. Muuza mkaa anataka tupeleke ombi jingine. Nimemwambia aniache nipumzike na hili kwanza.

Nyumba naifunga. Nimebakiza miaka mitano kustaafu. Ufunguo nimeuacha kwa Fundi, sina mwingine ninayemwamini kuliko yeye. Anwani yangu mpya iko nyuma ya karatasi hii. Usipoitumia, nitaelewa.

Mdogo wako

3 Septemba

Mdogo wangu, tena mdogo wangu,

Hujambo huko? Chumba kinavuja? Mgongo unasemaje? Nijibu moja moja, usiruke hata swali.

Barua yako ya Juni iliponifikia nilikasirika. Sitakuficha. Nilikasirika kwa wiki tano, na sehemu kubwa ya hasira hiyo nilikuwa naitafutia kwako mahali pa kuiweka na sipaoni. Jina nilikusamehe siku ile ile. Ulikuwa unanipakulia chakula. Kilichoniuma ni magazeti. Miaka thelathini na nne Fundi ameshona bila mtu wa kumsomea. Kisha nikakumbuka kwamba barua nne alizituma mpaka mlangoni kwangu, na aliyezifungia nje ni mimi. Hapo hasira ikakosa mwenyewe.

Kisha ikaja ya uhamisho. Niliisoma nimesimama. Nilifungua droo.

Nakuandikia kutoka mezani kwako. Nimefika jana.

Nilipita barabara kubwa. Sikutafuta uchochoro. Fundi alikuwa ameketi mlangoni, cherehani mbele yake, uso ameuelekeza barabarani ingawa nadhani haoni kitu huko. Nilisimama. Yote niliyoyapanga ndani ya ndege yalikimbia. Akauliza ni nani, anashona au anachukua? Nikasema nimekuja kuchukua ufunguo.

Aliisogeza cherehani pembeni. Kisha akanyoosha mikono, nikasogea, akanipapasa mabega kwa viganja viwili, kutoka huku mpaka huku, kama anavyofanya kwa wateja. Akasema, “Umepungua.” Tulikaa mpaka kinyozi akafunga duka. Nimemwomba radhi. Akaniambia gazeti la wiki lipo chini ya kiti, nianze na ukurasa wa nyuma.

Nyumba ni ndogo kuliko nilivyoibeba. Umebadilisha pazia. Kikombe chako nimekiosha nikakirudisha pale pale. Nimelala chumba changu na asubuhi nikanyoosha mkono kufuta mvuke dirishani, hakukuwa na mvuke. Muda wote huu nilidhani nilichokosa ni hapa. Sasa nipo hapa, na naanza kuhesabu siku za barua kufika kwako. Ombi la kukurudisha tumeshaliandika, muuza mkaa amelipeleka kwa karani leo. Usiwe na matumaini makubwa, lakini usikose yote.

Jambo moja la mwisho. Leo saa moja asubuhi mlango uligongwa. Binti mjamzito, ameshika nguzo ya baraza, anamtaka Mkunga. Nikamwambia amehamishwa, lakini wodi ipo wazi na nesi wa zamu yupo, nikachukua mfuko wake tukaenda polepole. Njiani, uchungu ulipomwachia kidogo, akaniuliza mimi ni nani.

Nikamwambia mimi ni kaka yake.

Alinitazama usoni kwa muda, kama mtu anayelinganisha, akasema, “Ndiyo. Mnafanana.”

Kaka yako