Umekwisha, Samahani

Mdogo wangu Mdomo,

Salamu kwanza kwa sababu mama alitulea, hasira baadaye. Hujambo? Mkeo hajambo? Kile kiti chako cha kunyolea hakijambo? Mimi mzima. Meno yaliyobaki yanatafuna, na magoti yanalia kama mlango wa stoo lakini yananifikisha ninakotaka. Paka anakusalimu, ingawa bado hajasahau ulivyomkanyaga mkia. Mwandiko wangu unautambua, unatembea kama kuku aliyelewa. Usomeni hivyo hivyo.

Haya, salamu zimekwisha. Kaa vizuri nikuseme.

Nimekasirika. Nimekasirika mpaka juzi nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari nikainywa yote, maana sikutaka hata kikombe kinicheke. Ila nitasema kwa mpangilio, kwa sababu nikianza na mwisho nitaichana hii karatasi.

Unakumbuka kompyuta ilivyoingia jikoni kwangu. Nilikuwa nafagia ile ofisi ya kupiga chapa, mwenye ofisi alipofunga akaniambia nichague moja ya kwenda nayo, nikabeba iliyo nzito kuliko zote, maana kitu kizuri huwa kizito. Wewe ndiye uliyekuja kunitembelea ukakuta ndani yake ule mchezo wa wafalme, wa kulima, kujenga miji na kupigana kwa zamu. Ukajifanya mwalimu. Mimi ambaye shule niliijua kwa kuipita njiani, kabla hujaondoka nilikuwa nimekunyang'anya mji mkuu na ng'ombe wote. Kinyozi mzima, mwenye ndevu, ukalia kwa ajili ya ng'ombe wa kwenye kioo. Ulisema ni vitunguu. Siku hiyo sikupika vitunguu, na paka ni shahidi.

Ndipo tukaanza mtindo wetu. Mimi nacheza zamu yangu, nasevu, natia kwenye flashi, yule dereva wa lori la magodoro anayekuja huko kwenu anakuletea na mzigo wake. Wewe unacheza yako kwenye kompyuta yako, unasevu, unamrudishia. Mwanzoni kila kitu tulikiita "mchezo", mpaka ulipokuja kusevu yako juu ya yangu ukafuta mavuno yangu yote na ukuta niliojenga kwa jasho. Nilikupigia simu nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Sheria zetu zilizaliwa siku hiyo: kila sevu na jina lake jipya, hakuna kusevu juu ya ya mwenzio, hakuna kufuta, na hakuna kufungua ya zamani ukapigana upya vita ulivyoshindwa. Anayerudi nyuma ni mwoga.

Halafu wewe, kwa huo mdomo uliokupa jina, ukaleta sheria ya mwisho bila kumuuliza mtu. Sevu ikaja imeandikwa "Ng'ombe wako watamu". Nikakujibu "Kula utapike". Ukaleta "Bibi agiza jeneza". Nikaleta "Kinyozi mwenye kipara". Tangu hapo hakuna zamu iliyokwenda bila tusi. Watu wengine wana picha za familia ukutani. Mimi nikiwa na unyonge nafungua lile boksi la sevu, nashuka nalo kuanzia juu, nasoma moja moja, nacheka mpaka paka anahamia uani. Ile ya "Ukuta mfupi kama mwenyewe" niliicheka nikaunguza sufuria, na sufuria hiyo bado nakudai.

Sasa nisikilize. Mvua zilipoanza, mambo yakaharibika. Sevu ya kwanza ikaja na jina "Jihadhari". Nikasema amechoka, vichwa vimekuwa vingi dukani. Ya pili, "Nakuja polepole". Polepole! Wewe uliyezaliwa unakimbia mkunga akakudaka mlangoni! Ya tatu nikaisoma na miwani, nikavua miwani nikaisoma tena: "Umekwisha, samahani".

Hivi nani duniani anamtukana mtu halafu anamwomba radhi? Hata mbwa akishakung'ata hapigi magoti.

Na uchezaji wenyewe! Maisha yako yote unapigana kama unavyonyoa, unaanza mbele kwa mbwembwe, kisogoni unasahau. Farasi wote getini, ghala unawaachia panya. Sasa nafungua, nakuta mtu kajenga ghala kwanza. Kaweka walinzi kwenye visima. Wakulima wangu wamevuka daraja, hakuna aliyewagusa. Nikasema, ahaa, mshenzi huyu amekodi mtu. Kuna mteja wake fulani anamchezea, yeye ameketi pembeni anatafuna karanga na kunicheka. Nikaapa nitakuja na mwiko. Nikatuma "Mwizi wa zamu". Nikatuma "Nani huyo". Jibu likaja "Ni mimi tu". Nilitaka kuipiga kompyuta kofi.

Nikapiga simu. Akapokea mkeo, akasema umekwenda dukani. Nikapiga tena, akasema umelala. Nikapiga tena, akasema umekwenda kuzika. Mara nyingine tena, umekwenda kuzika. Nikamwambia mtaa wenu utabaki na nyumba tupu.

Basi, dereva wa magodoro alipokuja safari hii sikumpa flashi. Nilimkaribisha ndani, nikamjazia chai, na alipovua viatu nikavificha. Nikamwambia hatoki mpaka aniambie nani anayecheza kwako. Akasema ameapishwa. Nikamwambia kiapo cha kinyozi hakifungi hata kamba ya kiatu, na viatu vyenyewe ninavyo mimi. Akakimaliza kikombe. Halafu akasema taratibu kwamba duka lako limefungwa tangu mvua zianze. Kwamba kile kiti cha kunyolea wamekiingiza ndani, na wewe unashinda juu yake. Kwamba mdomo umevutwa upande mmoja kama pazia, na mkono wa kulia umelala pajani kana kwamba mtu kausahau hapo. Kwamba unasikia yote na kuelewa yote, lakini maneno yanatoka kama uji, kwa hiyo umeamua usitoe hata moja. Kwamba siku za mwanzo, ulipokuwa bado unajaribu, neno pekee lililoeleweka lilikuwa dada asiambiwe. Na kwamba mkeo hukaa mbele yako akacheza zamu yako, na wewe huugeuzia ukuta uso.

Nikampa viatu vyake. Kimoja nilimvisha mwenyewe, sijui kwa nini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nasema mficha maradhi dada yake humuumbua kwanza. Dereva wa magodoro amejua kabla yangu! Mtu wa kubeba sponji! Mimi niliyekubeba mgongoni ukanikojolea gauni la kwanza jipya maishani mwangu, mimi ndiye wa kuambiwa umekwenda kuzika! Ulidhani nitafanya nini? Nitalia? Nimelia, ndiyo, nimemaliza, nimerudi kukasirika. Ulidhani nitakuonea huruma? Lini nimewahi? Ulipoanguka kutoka paani si nilikucheka kwanza ndipo nikakuokota?

Na wewe wifi, najua ndiye unayesoma barua hii kwa sauti. Nakuona unavyolainisha. Rudi juu usome "mshenzi" kama nilivyoandika. Wewe nawe nimekukasirikia, ila kidogo, maana uliombwa na mgonjwa, na mke mwema hana pa kukimbilia kati ya mume na wifi. Hesabu yetu tutaifanya ana kwa ana.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata paka. Mdomo, mkeo amenishinda.

Ndiyo. Mimi niliyepindua falme huku sufuria ikichemka. Mwanamke anayeomba radhi amenizunguka kwa maghala. Visima vyote vyake, daraja lake, wanajeshi wangu wanakula kwato. Nimetafuta upenyo wa kutokea mpaka macho yakavimba, hakuna. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye sevu ya zamani, ile ya kabla hajanikatia maji, kikakaa juu yake. Nani angejua? Nikakiondoa. Sheria ni sheria, na mwoga katika ukoo huu simjui, labda ni huyo aliyegeukia ukuta.

Lakini farasi wake amewasimamisha nje ya geti langu. Angeweza kuingia, hakuingia. Sevu kaiita "Nasubiri". Mwanzoni nilidhani anasubiri mimi nisalimu amri, nikazidi kuvimba. Dereva alipoondoka ndipo nikaelewa anamsubiri nani. Amekupigania vita vyote, amekufikisha mlangoni kwa adui yako wa miaka yote, amekuachia pigo moja la mwisho, na wewe unatazama chokaa!

Basi nisikilize. Zamu yangu nimeicheza. Walinzi nimewaondoa, geti liko wazi, malkia ameketi peke yake na ng'ombe wake. Flashi iko ndani ya bahasha hii, dereva ataipitia akirudi huko. Lakini pigo hilo silipokei kwa mkono wa wifi. Akiingia yeye, nitaitupa kompyuta shimoni, naapa, na unajua mimi nikiapa. Nataka kidole chako cha kushoto. Kimoja kinatosha, mimi mwenyewe nacheza kwa kimoja. Halafu uisevu kwa jina ulilolitunga wewe. Herufi zikikosewa zikosewe, lini tuliziandika sawa? Uliolala ni mkono wa kulia, na matusi yako hayakuwahi kukaa mkononi. Na ole wako nione "samahani".

Safari ijayo ya dereva nakuja mwenyewe, juu ya magodoro, nimeshamwambia. Nikifika niikute tayari.

Mpe pole mkeo kwa kazi na kwa mdomo wangu. Majirani wote, hasa wale mliowazika wangali hai, wasalimie. Paka nitamwacha kwa jirani.

Ni mimi dada yako mwenye hasira,
Jemadari wa Jikoni

Nilitaka kusahau: hiyo sevu niliyokuletea nimeiita "Piga, bubu". Wifi atashtuka, atataka kuruka hapa. Asiruke. Wewe utakasirika mpaka utetemeke kwenye hicho kiti. Ndicho ninachokitaka. Kasirika, uje.