Kitabu cha Watu Wawili

Jumapili jioni, Kimbo. Julai.

Leo jua halijaonekana kabisa. Ni ile baridi ya Julai ya huku Ruiru, manyunyu yasiyoisha, na nguo nilizofua jana bado ziko kwenye kamba, mbichi vilevile. Nimevaa sweta mbili. Nimekula, sina mgonjwa, kazi ninayo. Naandika hayo kwanza ili nisijidanganye kwamba kuna jambo kubwa.

Jambo lenyewe ni kitabu.

Mwezi uliopita, Jumatatu moja asubuhi, bosi alinisalimu, nikafungua mdomo kumjibu, ikatoka sauti ya lango lililokaa bila mafuta. Akaniuliza kama ni homa. Nikaitikia kwa kichwa, maana ilikuwa rahisi kuliko ukweli. Ukweli ni kwamba tangu Ijumaa jioni sikuwa nimesema neno hata moja kwa mtu yeyote. Mkate niliununua kwa kuonyesha kidole.

Niliogopa. Bado naogopa.

Kwa asiyenijua, mimi ni karani katika yadi ya magari yanayoletwa kutoka Japani. Kazi yangu ni stakabadhi, lakini kwa kuwa funguo zinakaa kwenye meza yangu, mimi ndiye ninayewasha magari kila asubuhi, moja baada ya jingine, betri zisilale. Na gari likiwaka, kuna mwanamke anayesema maneno ndani yake. Kila mwenye gari la Japani hapa Kenya anamjua mwanamke huyo, na karibu hakuna anayejua anasema nini. Mimi nilidhani ananiamkua. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kwanza kunisemesha kila siku, nami nilimjibu moyoni: nzuri, habari ya huko?

Siku moja nikatafuta kwenye simu. Anasema kadi haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara za kwao.

Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Halafu nikaamua kujifunza Kijapani. Sina sababu nzuri kuliko hiyo. Labda nilitaka lugha ambayo hakuna mtu hapa angeweza kunisahihisha.

Mtu mwingine angeanza. Mimi nilianza kuchagua kitabu. Nilisoma maoni ya watu kwenye mtandao wiki baada ya wiki, wakigombana kitabu gani kitakujenga na kipi kitakulemaza, na kila Jumamosi nilikwenda Thika kwa Githinji, anayeuza vitabu vya mtumba karibu na soko. Alikuwa na viwili vya Kijapani. Nilivifungua, nikavifunga, nikaondoka.

Cha kwanza ni kinene, kimeandikwa kwa ajili ya mtu anayejifunza peke yake. Herufi zote ni zao tangu ukurasa wa mwanzo, na majibu yako nyuma. Wajuzi wa mtandao wanakisifu. Cha pili ni chembamba, cha zamani, chote kimeandikwa kwa herufi hizi zetu. Wajuzi wanakidharau, wanasema ni cha watalii. Tena kila ukurasa una watu wawili wanaozungumza, A na B, na kila zoezi linakuagiza umuulize mwenzako.

Mwenzangu nani?

Jana nikanunua kinene. Githinji aliponiuliza mbona nakiacha chembamba ambacho ni rahisi, nilimpa hotuba nzima kuhusu msingi imara na mazoea mabaya. Nadhani ndiyo maneno mengi zaidi niliyosema mwaka huu.

Jioni nikakaa kitandani nikaanza kusoma sauti za kwanza, polepole, kwa sauti ya kawaida. A, i, u, e, o. Upande wa pili wa ukuta anakaa Mama Kui, fundi wa nguo, ambaye binti yake ameolewa Nakuru. Nimekuwa jirani yake tangu nihamie ploti hii ya vyumba vya kupanga, na tumeishia kwenye habari ya asubuhi. Cherehani yake ikanyamaza. Akagonga ukuta.

"Karani, uko na mgeni?"

Nikamwambia hapana, nasoma tu.

"Nilikuwa nimefurahi," akasema. "Nikasema leo amepata mtu."

Cherehani ikaendelea. Mimi niliendelea pia, lakini kwa macho tu, midomo imefungwa. Kitabu hakikulalamika. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu, kwa sababu niliona wazi kwamba naweza kukimaliza chote hivyo, majibu yote sahihi, bila kufungua kinywa hata mara moja. Kitabu hicho hakihitaji mtu. Hata mimi hakinihitaji sana.

Sikulala vizuri.

Leo watu walipotoka kanisani nikarudi Thika. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi ya kumwambia Githinji. Mimi hata soda ikiletwa moto nainywa hivyo hivyo, sembuse kurudisha kitabu kwa sababu ya moyo wangu. Nilimkuta akifunika vitabu kwa karatasi ya plastiki. Akaniona, akaona nilichoshika, akaanza.

"Wewe si umekitongoza hicho wiki na wiki? Kimekukosea nini usiku mmoja?"

Jamaa wa viatu aliye karibu naye akacheka. Nikasema naomba kubadilisha, nichukue chembamba. Githinji akanikumbusha kwamba chembamba ni cha watalii, nilimfundisha mwenyewe jana, na sasa hata yeye anawaambia wateja hivyo. Sentensi niliyoipanga ilikuwa imepotea. Nikasema iliyokuwepo.

"Nataka chenye mtu mwingine anaweza kusoma."

Aliniangalia. Akainua plastiki, akakitoa, akakipangusa kwa mkono wa koti lake. Hakuongeza utani.

Safari nzima ya Thika na kurudi ilikuwa rahisi kuliko hatua chache za kutoka mlango wangu hadi wa Mama Kui. Nilisimama pale na kitabu kifuani. Nikafikiri ana kazi. Nikafikiri atadhani nataka kukopa. Nikafikiri watu wa ploti watanionaje, kijana mzima anapeleka masomo kwa mama wa watu siku ya Jumapili. Nilikuwa nimeshageuka nusu nirudi.

"Ingia ama uende," akasema kutoka ndani. "Unanizibia mwanga."

Nikaingia. Nikamweleza vibaya, kwa kurudiarudia, kwamba kitabu hiki ni cha watu wawili, kwamba mimi nitakuwa A na namwomba awe B, dakika chache tu, hata kama hataki ni sawa. Akatafuta miwani kati ya vipande vya vitambaa, akaivaa, akakishika kitabu mbali, akasoma mstari wake kama anayesoma somo kanisani, wazi na bila haraka. Alisoma vizuri kunishinda. Akataka kujua huyu Tanaka, ndilo jina la B kitabuni, ni mtu wa wapi na kama ameoa.

Mahali palipoandikwa "kore" alisoma "kole", akajikatiza kwa hasira, akasema kosa hilo la r na l ndilo alilochapiwa fimbo shule nzima. Nikamwambia Wajapani nao hawatenganishi sauti hizo mbili. Akavua miwani.

"Kumbe ni watu wa kwetu Murang'a."

Tulicheka hadi akalazimika kufuta macho kwa kipande cha kitenge.

Somo la kwanza linaisha kwa A kumuuliza B kama hajambo. Nikauliza, akajibu kama kitabu kilivyomwambia. Akaniuliza maneno hayo maana yake nini. Nikamwambia, ni kuuliza mtu kama yuko salama.

Akaweka kitabu juu ya cherehani.

"Na wewe, uko salama?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nimekuwa nikisema ndiyo tangu nihamie hapa. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimepanga chochote.

"Si sana," nikasema.

Alivuta stuli kwa mguu, bila kuinuka, akaisukuma upande wangu. Nilikaa mpaka chai ya pili.

Wajuzi wa mtandao wana haki yao. Huenda kitabu hiki kitanilemaza. Mama Kui amesema kesho nije mapema kabla hajachoka, na kwamba yeye hataki tena kuwa Tanaka, anataka kuwa A.

Kesho Jumatatu. Bosi atanisalimu. Nikimeza mate nasikia koo limekauka kidogo, na safari hii ni kwa kutumika.