Kadi Nyekundu ya Baton Rouge

Pointe-aux-Hérons,
Louisiana.
12 Juni, 2024.

Mpendwa Shangazi Odile,

Kabla hata sijakujulia hali, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine: ile kadi nyekundu iliyosomwa kwa jina langu kule Baton Rouge niliijaza kwa makosa.

Sasa unisamehe kwa kukosa adabu. U hali gani? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Alaska? Sisi ni wazima. Mpunga umeota vizuri, na msimu wa kuvua kamba wanaofugwa kwenye maji ya mashamba umekwisha.

Nadhani Mama alikuandikia kuhusu mswada. Kampuni inataka kusukuma hewa ukaa ya viwandani chini ya mashamba yetu, ibaki huko milele. Mswada ulikuwa wa kupiga marufuku jambo hilo katika wilaya yetu yote. Babu alikwenda kuutetea mbele ya kamati ya bunge la jimbo, nami nikamsindikiza. Unajua baba yako alichimba visima vya mafuta hapa ujanani. Vitatu vilizibwa kwa magogo na tope tu, wala havimo katika ramani yoyote. Anasema hewa hiyo itapandia humo, na kwa kuwa ni nzito itatulia bondeni, pale nyumba yetu ilipo, itunyime pumzi bila hata kunuka.

Mlangoni pa chumba cha kamati kila mgeni hujaza kadi moja kati ya mbili: ya kijani ya kuunga mkono mswada, nyekundu ya kuupinga. Mimi akilini nilikuwa naipinga hewa, siyo mswada. Nikajaza nyekundu. Nikatia alama penye "sitazungumza", maana unanijua nilivyo mbele za watu.

Babu alizungumza vizuri sana. Kisha mwenyekiti akasoma majina kwenye kadi, na langu, lenye ubini wa Babu, likawa kati ya nyekundu. Mbunge mmoja akasema, "Mzee, hata nyumbani kwako hujapata kura zote." Watu wakacheka. Ilinipasa kusimama tu na kusema nimekosea, lakini sikusimama. Mswada ukaanguka kwa kura moja, na mbunge huyo alikuwa miongoni mwa walioukataa.

Tulikuwa garini, tumekaribia nyumbani. Ndipo Babu akasema, "Sikujua unafikiri hivyo, mjukuu wangu. Lakini umesimamia lako. Si kila mtu anaweza." Siku hizi huwaambia hata majirani hivyo.

Wapimaji wa kampuni wamekwisha kuchomeka vijiti vyenye vitambaa vya rangi ya chungwa katikati ya mpunga. Kila asubuhi Babu huenda penye kimoja cha vile visima vitatu, kilicho karibu, huinama, husikiliza. Nami nimeanza kusikiliza nikiwa jikoni. Vyura wakinyamaza kidogo, natoka kutazama kama kuku bado wanatembea.

Nisalimie sana Mjomba Alcide, na binamu zangu Renée na Théo. Mungu awaepushe na kila lenye kudhuru, mnaloliona na msiloliona.

Tafadhali, Shangazi, haya yabaki kwako. Babu usimwambie kabisa. Kwamba nilimpinga, amekwisha kunisamehe. Kwamba nilikuwa upande wake nikashindwa kufungua mdomo, sijui kama ataweza.

Binti wa kaka yako, anayekupenda daima,
Noélie