Swali la Bi Sindano

5 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Kiongozi wetu wa misheni ametupangia vyumba juu ya duka la viatu. Ibada ya kwanza tulikuwa sisi kwa sisi, na viti vitupu vikitusikiliza. Watu ni wapole mno. Vikaratasi vyetu vya Injili wanavipokea kwa mikono miwili, kisha wanavitumia kufungia misumari dukani.

Jirani yangu ni mjane, fundi cherehani. Namwita Bi Sindano, maana hata akizungumza nawe sindano haimtoki mdomoni. Ananifundisha lugha yao. Jana nilimwombea amani, akacheka mpaka akashika mbavu: kumbe nimemwombea ndevu! Nimekuja kufundisha, nafundishwa mimi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Miguu inauma, lakini inanifikisha. Kila Jumapili wananiuliza, "Binti ameshaokoa wangapi?" Utadhani nimekutuma kununua mayai. Nawaambia unawasalimu, basi.

Huyo Bi Sindano ana watoto? Kama anao, waheshimu kama unavyomheshimu yeye. Na uvae soksi.

Mama yako

17 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Bi Sindano anaumwa; ana uvimbe tumboni, na daktari amesema hakuna la kufanya tena. Ameomba ubatizo. Anaishi na mwanawe wa pekee, mwashi, mtu wa dini ya baba zake, asiyetaka hata kutusikia.

"Nibatizeni kimya kimya," aliniambia. "Mwanangu nitamwambia mwenyewe, nikipata ujasiri."

Kiongozi alimbatiza jana chumbani kwangu, kwa maji ya beseni. Nilipoinua kichwa baada ya sala, nikamwona kiongozi kashika simu, anampiga picha.

"Tafadhali," nikamwambia, "hii ni siri."

"Ni ya kumbukumbu tu," akasema.

Mwombee mgonjwa wangu, Mama.

Mwanao

8 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, lakini nakuandikia na moyo mzito. Picha ya Bi Sindano imefika huku; kiongozi wenu kaituma. Iko kwenye simu za kanisa zima, na mchungaji aliionyesha ukutani, kubwa kama mlango. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mwanangu, mpaka nikakumbuka ulivyosema ni siri. Nikaishusha mikono.

Kama imetufikia sisi, mwanawe itamkosaje? Nijibu upesi.

Mama yako

11 Agosti

Mwanangu,

U mzima? Neno moja tu litanitosha.

Mama yako

19 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ni mzima wa mwili.

Picha ilimfikia mwashi kazini. Wenzake walimcheka palepale, juu ya ukuta waliokuwa wakiujenga. Siku ileile alimhamishia mama yake kwa shangazi, nisiambiwe ni wapi. Bi Sindano amefariki hukohuko.

Nilikwenda mazikoni. Mwashi alinizuia getini, tena kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Si leo," alisema. Nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka watu wakatawanyika.

Juzi akabisha hodi kwangu. Nilimpa kiti, hakukitaka.

"Siku mliyombatiza, alisema nini?" akauliza. "Maana tangu nimhamishe hakuniambia neno."

Sikuweza kumficha. Kabla ya kumwagiwa maji, mama yake alituuliza, "Huko niendako, mwanangu nitamkuta?"

"Mkamjibu nini?"

"Kiongozi alisema, akiamini. Mimi nilisema sijui."

"Lugha yetu yote alikufundisha yeye," akasema. "Ukakosa hata neno moja la kumdanganya?"

Akashuka ngazi, asigeuke.

Nimemwambia kiongozi kwamba siwezi tena kusimama mbele ya watu na kuhubiri. Anasema ni uchovu, utapita. Mama, wewe ungemjibu nini yule mama?

Mwanao

6 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Pole, mama, pole sana.

Umeniuliza, nami nitakujibu kama mtu mzima mwenzangu. Baba yako alikufa hajabatizwa. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Kila Jumapili alinisindikiza mpaka mlangoni pa kanisa, akaningoja nje na gazeti lake, jua au mvua. Alipofariki, mchungaji wa wakati ule alinifariji kwa maneno mengi mazuri. Yuko wapi, hakusema. Nami sikuthubutu kuuliza.

Siku uliyoniaga, uliniambia unawafuata waliopotea. Nilitaka kukuuliza baba yako umemweka upande gani. Badala yake nikainama, nikajifanya nafunga zipu ya sanduku lako.

Basi jibu sina. Nyimbo zote naimba, na jibu sina.

Rudi nyumbani. Usidhani nakuita kwa kuwa umeshindwa. Nimechoka kukaa na swali hili peke yangu.

Mama yako