Kipande cha Tatu ni cha Nani?

Mshauri mpendwa, ningekupa shikamoo lakini sidhani kama umenizidi umri, naomba msaada. Mimi nimeendesha mashine ya sinema ukumbini maisha yangu yote, shule sikukaa sana ila filamu mbovu naijua kwa vikohozi vya watazamaji tu, hakuna wa kunidanganya. Sasa mwanangu wa mwisho na wenzake watatu wametengeneza filamu moja, kila mmoja na kipande chake, na majina wameyaweka mwishoni kwa mkupuo, eti sifa na lawama ni za wote, hapohapo nikashuku, mwenye kazi safi anaficha jina kwa nini. Cha kwanza sawa, cha pili watu walicheka mpaka viti vikalia, cha tatu ni cha baba mmoja asiyemsifu mtoto wake hata siku moja, kinajivuta, watu wakaanza kwenda chooni, nami nikasema kwa sauti, "Aliyetengeneza hiki apewe fagio," ukumbi wote ukacheka. Cha nne hata sikumbuki. Nje nikamuuliza mwanangu, "Chako kipi?" Akaangalia viatu vyake. "Cha pili, baba." Lakini utani ule ni wa binti mwenzao, namjua anavyoongea. Nikimuuliza mke wangu ananijibu, "Wewe si fundi? Jijibu." Tena yule baba wa kipande cha tatu kavaa koti la kijivu lenye kiraka kiwikoni kama langu, na langu lilipotea kabatini likarudi limefuliwa. Nashuku wananizunguka, mtoto kaiba sifa za mwenzake na mama yake anamkingia kifua. Jumamosi wanaionyesha tena, mwanangu kaniambia nisije. Niende nimuumbue?

*

Mzee wangu, pole, ila leo nitakusema. Kikohozi cha mtu wa nyuma kabisa unakisikia, koti lako mwenyewe hulioni. Mwanao hakuiba sifa za mtu, alikimbia fagio lako. Ulimcheka mbele ya ukumbi mzima, kisha ukamuuliza chake kipi. Ulitaka akujibu nini? Filamu ya mikono mingi ndivyo ilivyo, hapa inapanda, pale inalegea, na huenda chake kweli kinajivuta. Mkeo mwache. Koti alilitoa yeye, akitumaini utajiona.

Jumamosi nenda, na ulivae. Kaa nyuma, funga mdomo, wanaokwenda chooni waende. Wakitoka, mwambie mwanao kwamba unajua cha tatu ni chake. Palipolegea mwonyeshe, kazi unaijua, lakini anza na palipokugusa. Na usiniambie hapakuwepo: filamu ina vipande vinne, na hadithi uliyonisimulia ni ya kimoja tu.