Amplifaya ya Baba Haitaki Kuvaa

Jumatatu, 3 Machi

Baba ametangaza mezani: Jumapili ya wiki ijayo baba mdogo anakuja na gari kumchukua. Anarudi kwake. Nyumba ile tupu, peke yake! Tangu Mama atutoke, pale hakuna hata wa kumwambia pole akikohoa. Nikauliza kwani hapa kwangu kuna ubaya gani. Akasema ubaya hakuna, ila siku ni ndefu, na yeye si mtungi wa kuwekwa pembeni.

Nimekasirika. Halafu nimelia kidogo jikoni. Halafu nikapata wazo.

Santuri zake zote ziko chini ya kitanda. Mashine ya kuzipigia nzima, spika nzima. Kilichokufa ni amplifaya tu — transfoma iliungua, chumba kikanuka siku nyingi. Basi nitamtengenezea nyingine. Mimi, muuza dawa! Mume wangu kusikia hivyo kacheka mpaka kapaliwa na chai. Tutaona.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma mtandaoni mpaka macho yamekuwa mekundu. Kumbe bodi ya amplifaya inauzwa ikiwa imeshaungwa. Kazi ni kuitafutia transfoma ya saizi yake, na hapo ndipo penye mtego. Bodi niliyoipenda haitaki zaidi ya volti thelathini na tano kila upande. Nikasema basi, transfoma ya thelathini na tano, kwisha maneno. Wapi! Umeme ukishapita kwenye dayodi na kapasita, namba inapanda, karibu nusu yake tena. Ningeichoma bodi siku ya kwanza. Inayofaa ni ya ishirini na nne. Haya mambo ya dozi nayajua mimi. Dawa ni ile ile, ukizidisha ni sumu.

Nilimweleza Baba wakati wa chakula, kama napiga soga tu. Hata kichwa hakuinua. Ila baadaye akaja mlangoni kwangu, akaniuliza hiyo ya ishirini na nne ni ya mraba au ya duara.

Jumamosi, 8 Machi

Tumegombana dukani! Mbele za watu! Baba anataka transfoma ya mraba, lichuma la kujaza mikono. Mimi nataka ya duara, maana haivumi sana na boksi langu ni fupi. Kasema kitu kisicho na uzito hakina heshima. Nikamwambia Baba, hatujaja kununua nanga. Muuza vipuri kauliza kama atuletee viti.

Nimeshinda kwenye transfoma. Kwenye mengine yote kashinda yeye. Kapasita kachagua kubwa kama makopo ya maziwa. Bati la kupozea joto, nene. Bolti, ndefu na imara. Fyuzi kazoa kiganja kizima, na nilipouliza za nini zote hizo, akasema amezaliwa kabla yangu.

Kurudi, transfoma kaipakata mwenyewe njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Meza ya kulia hatuna tena. Tunakula sahani magotini. Mume wangu kanuna — lakini tochi kashika yeye! Mkono wa Baba unatetemeka kidogo, kwa hiyo solda naunga mimi, amri anatoa yeye. Ameuliza hiyo ni solda au matope. Nimeungua kidole. Raha tupu.

Alhamisi, 13 Machi

INAIMBA!

Mwanzo ilivuma, mmmmm, na Baba akaanza ule wimbo wa asiyesikia la mkuu. Tukazima. Akalegeza nati, akaizungusha transfoma kidogo, tukawasha, akatega sikio. Tukazima tena, akaizungusha tena. Mvumo ukapungua, ukapungua, ukaisha! Akaikaza kwa bolti yake pale pale. Kisha santuri. Tarumbeta zikatoka safi kabisa, unamsikia hadi mpigaji akivuta pumzi. Mume wangu kacheza na mwiko mkononi. Baba kapiga meza kwa vidole, macho kafumba. Nikajua nimempata.

Jioni nimemkuta anakunja mashati. Nikauliza, Baba, si una muziki sasa? Akasema kazi imekwisha, ameridhika, anatuachia tusikilize. Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana imeniuma. Nilidhani anataka muziki.

Jumamosi, 15 Machi

Kilichobaki ni kifuniko tu. Mwanangu anatia vidole kwenye kila tundu, kwa hiyo bila kifuniko boksi haliingii sebuleni, na hilo halina mjadala. Basi tumefunika, tumekaza skrubu, tumewasha. Pa! Fyuzi. Tumefungua, tumeweka fyuzi mpya — inaimba kama kawaida. Tumefunika. Pa! Ikiwa uchi inaimba, ikivaa inazima. Mume wangu anasema labda inasikia joto, tuiache ijipepee.

Baba kala amesimama. Kafuta miwani, kavaa, kafuta tena. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu msiba. Anafoka, anaguna, anaita kile kidude mwanaharamu, na uso umenawiri kweli kweli! Begi lake lakini liko tayari mlangoni.

Jumapili, 16 Machi

Nimepata jibu asubuhi, wote wamelala. Ni bolti. Inapita katikati ya ile transfoma ya duara, na inatakiwa iguse boksi upande wa chini tu. Yetu ni ndefu mno. Ukifunika, kichwa chake kinagusa kifuniko, chuma kinaungana chini na juu, na umeme wote unazunguka humo bure. Ndiyo maana fyuzi inakata. Dawa yake ni kuipunguza kidogo tu. Nikachukua msumeno. Nikausimamisha juu ya bolti.

Nikaurudisha kabatini. Sisemi! Mungu anisamehe, sisemi.

Sasa hivi, naandika nimesimama chumbani. Baba mdogo amefika, anapiga honi. Baba alikuwa keshavaa koti. Akapita mezani kuiaga mashine, eti. Akaokota kifuniko, akakigeuza, akakitazama kwa ndani. Kuna alama ndogo inang'aa pale bolti ilipogusa. Kidole chake kikaenda moja kwa moja pale. Kikatulia. Akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Akakilaza kifuniko mezani, upande wa alama chini. Akakohoa. Akasema hili tatizo ni zito, maishani mwake hajaliona, linaweza kumaliza mwezi mzima, labda na zaidi. Mume wangu maskini kasimama na begi mkononi, hajui alitoe nje au alirudishe ndani.

Honi tena. Namsikia Baba kule mezani, anauliza nani kamfichia bisibisi yake, na huyo anayepiga kelele nje ana haraka ya kwenda wapi.