Plagi ya Nne

Kijiji cha Kinyangiri,
Mkalama, Singida.
14 Septemba 2024

Mpendwa Baba Mdogo Hezekia,

Shikamoo. Hujambo huko Songea, na mama mdogo Catherine anaendeleaje na goti lake? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakohoa asubuhi tu. Jua likipanda anatugombeza wote kama kawaida yake. Alizeti imetoka vizuri mwaka huu, na kinu chetu cha kukamulia hakijapumzika tangu Juni.

Barua hii anakuletea binti yako Aneth, ambaye likizo yake imekwisha. Nimemwomba asikusimulie chochote mpaka umalize kusoma, nawe usimbane. Aliyoyaona ni makosa yangu, yeye hayumo.

Habari yenyewe ni gari lako, lile Pijo. Baba mdogo, nimeliharibu.

Mwaka jana ulipoliacha hapa uwanjani ukarudi kwa basi, ulinipigia simu ukaniambia nifungue plagi zote nne, nimimine oili kidogo kwenye kila tundu, kisha nizirudishe, ili silinda zisishike kutu hadi utakapostaafu. Uliniamini kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kushika spana. Oili haikuwepo nyumbani, na kwenda kuinunua Iguguno siku ile kulikuwa ni kuwaacha watu wamepanga foleni kinuni. Nikachota alizeti iliyotoka kukamuliwa, nikamimina. Nilijiambia mafuta ni mafuta. Huku kwetu alizeti tunapaka bawaba, mnyororo wa baiskeli, hata mtoto mchanga. Nani angejua kwamba injini itaikataa?

Mimi ningejua. Kila siku nakwangua kikaango kwa majivu, pale ukingoni mafuta yanapokauka yakawa gundi. Najua alizeti inafanya nini ikikaa kwenye chuma chenye joto, na Pijo limekaa juani mwaka mzima.

Wiki iliyopita nilitaka kuliandaa, maana Desemba, mwezi wako wa kustaafu, si mbali. Plagi tatu zilitoka kwa shida. Ya nne, ile ya nyuma kabisa, haikutikisika. Hapo ndipo ningemwita fundi, lakini niliona aibu. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, nikavuta kwa hasira. Kigae cheupe cha plagi kikapasuka, chuma chake kikabaki ndani.

Fundi Mughwai alikuja kutoka Iguguno. Alinusa tundu moja, akaniuliza nilikuwa napika nini humu. Sikucheka. Alimimina dizeli pembeni mwa plagi akaiacha ilowe usiku kucha, kesho yake akafuta, akapasha kichwa cha injini moto, akawa anagonga taratibu. Kisha akafanya jambo lililonishangaza: aliikaza kwanza, kidogo tu, ndipo akailegeza. Akakaza tena, akalegeza tena. Anasema kitu kilichoganda ukikivuta upande mmoja kinazidi kung'ang'ania. Ilimchukua karibu siku nzima, mimi nimesimama pale nikiuombea mkono wake.

Ilitoka. Lakini ilitoka na nyuzi za kichwa cha injini, zile plagi inazojifungia tunduni, zimejikunja juu yake kama nywele. Tulipoizungusha injini kwa mkono, pumzi ilitoka kwenye lile tundu ikanipiga usoni, nayo ilinukia alizeti. Nililia mbele ya fundi wa watu.

Mughwai anasema injini yenyewe bado inazunguka vizuri. Anataka kichwa kifunguliwe, kipelekwe Singida mjini kwa mtu wa kukereza vyuma, kiwekewe bushi yenye nyuzi mpya. Ila kichwa cha umri ule kikifunguliwa kinaweza kukutwa kimepinda au kina ufa, na hapo hakuna cha kuahidi. Nimemzuia. Nimeshaliharibu mara mbili bila kukuuliza, sitaki iwe mara ya tatu. Najua Pijo ndilo shamba lako la uzeeni. Watu uliowaahidi kuwabebea magunia hadi Shelui bado wananiuliza utarudi lini, na mimi najibu Desemba huku naangalia chini.

Kila mtu akija huko huwa nakutumia galoni la mafuta. Safari hii mkono umegoma, nimekufungia asali.

Mama anakusalimu sana, na mume wangu Michael pia. Nisalimie mama mdogo na mdogo wangu Witness. Mungu akufikishe salama mwisho wa kazi yako, akurudishe nyumbani ukiwa na nguvu zako.

Sikupiga simu kwa makusudi, baba mdogo, maana nakujua. Nilipobomoa zizi nikijifunza kuendesha gari lile lile, ulisema, "Haidhuru, mwanangu," kabla hata vumbi halijatulia. Neno hilo nimeishi nalo miaka yote hii, lakini leo ndilo ninaloliogopa. Mughwai ameliziba tundu kwa kitambaa safi, anangoja. Ukimaliza kusoma nipigie. Nigombeze kwanza, kwa sauti ambayo mama mdogo ataisikia hadi jikoni. Halafu ndipo uniambie kichwa kifunguliwe au kisifunguliwe.

Mimi mwanao, akupendaye kwa aibu,
Felista